Nani Aliyemaliza Somo? Maoni Kuhusu Viwango vya Masomo ya Mtandaoni

Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alitujia ofisini asubuhi moja akiwa na daftari mkononi. Alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo mkufunzi," akaketi tulipomwonyesha, kisha akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. Humo mlikuwa na muhtasari wa somo zima la kufundisha kusoma kwa hatua, lile tuliloliweka katika mfumo wa mtandaoni wa chuo: sauti, silabi, maneno, sentensi, makosa ya kawaida ya watoto wa darasa la kwanza, na hata mifano yake mwenyewe aliyoiokota alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Zilikuwa kurasa kumi na moja.

"Mfumo unasema sijakamilisha," alisema, "na alama yangu ni sifuri. Lakini mkufunzi, nimelisoma lote."

Tulifungua kompyuta. Kweli, mbele ya jina lake pameandikwa kwamba hajakamilisha. Mbele ya jina la mwenzake, mistari miwili chini, palikuwa na alama ya kijani ya kukamilisha. Mwenzake huyo alikuwa ameliingia somo na kulitoka kwa dakika nane. Somo lile tuliliandika wenyewe, na twajua kwamba hata sisi hatuwezi kulisoma kwa dakika nane.

Yatupasa kukiri kwamba siku ile tulimjibu vibaya. Tulimwambia kwamba mashine haina sababu ya kumwonea mtu, na kwamba arudi akalifanye somo upya. Alisema, "Haya, mkufunzi," akaenda zake. Ilituchukua majuma mawili kutambua kwamba mashine ilikuwa imefanya barabara kama ilivyoagizwa, na kwamba waliotoa agizo baya tulikuwa sisi. Makala haya yametokana na majuma hayo mawili. Tunayaandika kwa ajili yenu mnaojiandaa kwenda kufundisha shule za msingi, kwa sababu hamtakaa muda mrefu kabla ya ninyi wenyewe kuandikwa katika daftari la namna hiyo, au kumwandika mtoto wa mwenzenu.

Jambo lenyewe linaitwa viwango vya kiufundi vya masomo ya mtandaoni. Jina hilo humfanya mwalimu ageuze ukurasa, naye si wa kulaumiwa. Tuanze basi mahali pasipo na kompyuta.

Msomaji aliyepata kufika Kidatu, mkoani Morogoro, anajua kwamba huko reli mbili hukaribiana. Tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa lina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma vyake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa sababu ya kiganja hicho, behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea na safari upande wa pili; shehena haina budi kushushwa na kupakiwa upya. Hakuna aliyekosea kazi yake. Kila reli ni nzuri kwa kipimo chake. Kilichokosekana ni watu kukubaliana kipimo kabla ya kulaza vyuma.

Masomo ya kompyuta yalipatwa na maradhi hayo hayo mapema. Katika miaka ya themanini mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani na mafundi wao kwa kompyuta. Kila mtengenezaji wa ndege alileta masomo yake, na masomo hayo yalitaka mashine zake na programu zake. Shirika lenye ndege za watengenezaji watatu lilijikuta likihitaji mashine za namna tatu katika chumba kimoja cha mafunzo. Mwaka 1988 wenye shughuli hiyo waliunda kamati yao, ijulikanayo kwa herufi AICC, na mwaka 1993 wakatoa mwongozo wa namna somo lililotengenezwa na mmoja litakavyozungumza na mfumo uliotengenezwa na mwingine. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 2014, lakini wazo lake ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Mzao mkubwa ni SCORM. Mwaka 1997 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango uitwao ADL, wenye shabaha ya kuwezesha masomo yatengenezwe mara moja na kutumika mahali pengi. Asishangae mtu kuona jeshi likiingia darasani. Filamu za mafunzo nazo zilistawi sana katika majeshi ya nchi hiyo hiyo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Toleo la kwanza la SCORM lilitoka mwaka 2000, na lile la 1.2 likatoka Oktoba 2001. Toleo hili la 1.2 ndilo lililoenea kuliko yote, na licha ya umri wake lingali likitumika. Ndilo tulilolitumia sisi, bila kujua kwamba tunalitumia. Tulibonyeza mahali palipoandikwa "hifadhi," tukapata faili, tukalipandisha katika mfumo. Basi.

Sasa na tulifungue faili hilo, maana humo ndimo mna siri ya mwanachuo wetu.

Kifurushi cha SCORM ni faili moja lililobanwa, la aina ya zipu. Ndani yake mna kurasa, picha, sauti na programu ndogo ndogo za somo. Pamoja na hivyo vyote mna waraka mmoja ambao jina lake halibadiliki kamwe: imsmanifest.xml. Kazi yake ni ile ile ya hati ya shehena ambayo nahodha humkabidhi ofisa wa forodha: husema ndani mna nini, kimepangwa kwa utaratibu gani, na kipi kifunguliwe kwanza. Mfumo usioiona hati hiyo haulipokei somo, hata somo liwe zuri namna gani. Mpaka hapo hakuna gumu.

Ugumu uko katika mazungumzo. Somo linapofunguliwa katika kivinjari, kwanza humtafuta mwenyeji wake. Hutazama dirisha lililolizaa, kisha dirisha lililolizaa dirisha hilo, likipanda ngazi kwa ngazi mpaka likute kitu ambacho mfumo umekiweka hapo kikisubiri. Likishakipata, hubisha hodi na mazungumzo huanza. Lugha ya mazungumzo hayo katika toleo la 1.2 ina amri nane tu. Kuna amri ya kuanza na ya kumaliza. Kuna ya kuuliza thamani ya jambo fulani na ya kuandika thamani hiyo. Kuna ya kuhifadhi. Na zilizobaki tatu ni za kuulizia makosa yanapotokea. Mwanafunzi haoni lolote kati ya hayo. Yeye huona kurasa na vitufe.

Zingatieni kwamba kuandika na kuhifadhi ni amri mbili mbalimbali. Somo laweza kuandika kwamba mwanafunzi amefika ukurasa wa ishirini, lakini mpaka litoe amri ya kuhifadhi au ya kumaliza, mfumo haulazimiki kuliweka neno hilo mahali pa kudumu. Ni kama mwalimu aliyeita majina ya mahudhurio kwa sauti bila kalamu mkononi. Somo letu lilihifadhi mara mbili tu: lilipofunguliwa, ambapo liliandika "hajakamilisha" kama ilivyo desturi, na katika ukurasa wa mwisho.

Mwanachuo wetu alilisoma somo bwenini, usiku, kwa simu. Kurasa zote zilikuwa zimekwisha kushuka katika simu yake alipokuwa katikati ya somo. Ndipo bando lake likaisha. Kurasa hazikukoma kufunguka, kwa kuwa zilikuwa tayari ndani ya simu. Alisoma, akaandika katika daftari, akajibu maswali yote kumi, akafika mwisho. Katika ukurasa wa mwisho somo lilitoa amri ya kuhifadhi, na amri hiyo haikufika popote. Halikutokea onyo lolote. Alifunga simu akalala, akiamini kwamba amemaliza, na kwa hakika alikuwa amemaliza. Mfumo ulibaki na neno la kwanza uliloambiwa.

Na yule wa dakika nane? Yeye alikuwa katika maabara ya kompyuta, penye mtandao mzuri. Alibonyeza kitufe cha kwenda mbele mpaka kikagoma. Kanuni tuliyoiweka ya kukamilisha somo ilikuwa kufika ukurasa wa mwisho. Alifika.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwa kuwa jambo hili si la umeme wala la bando peke yake. Katika toleo la 1.2 kuna nafasi moja ya kuandikia hali ya mwanafunzi, na katika nafasi hiyo huruhusiwa neno moja kati ya sita: amefaulu, amekamilisha, ameshindwa, hajakamilisha, amepitia tu, hajajaribu. Yasomeni tena maneno hayo kwa jicho la mwalimu. Amekamilisha na hajakamilisha ni habari za safari: mtu amefika au hajafika. Amefaulu na ameshindwa ni habari za kipimo: mtu anaweza au hawezi. Ni mambo mawili yasiyofanana, na yametiwa katika chungu kimoja. Mtoto aliyesoma sura yote kwa bidii kisha akashindwa jaribio aandikweje? Ukiandika ameshindwa, umeifuta safari yake. Ukiandika amekamilisha, umeficha kwamba anahitaji msaada. Kila mwalimu wa darasa la tatu hukutana na mtoto huyo kila wiki, na andalio la somo lina mahali pa kumshughulikia. Kiwango hakikuwa na mahali pake.

Kosa hilo waandishi wa kiwango waliliona wenyewe. Katika SCORM ya mwaka 2004 nafasi ile ilikatwa mara mbili, kukamilisha kukapata mahali pake na kufaulu mahali pake. Toleo hilo liliongeza pia nafasi ya somo kukumbuka mahali mwanafunzi alipoishia. Toleo la 1.2 lilikuwa na herufi 4,096 tu za kazi hiyo, na somo refu lilizimaliza na kuanza kusahau. Katika chapa ya tatu ya toleo la 2004 zilifika 64,000. Liliongeza kadhalika kanuni za kupanga vipande vya somo vifuatane vipi, ambazo ni ngumu kuzielewa na ngumu zaidi kuzitengeneza, na tunadhani ugumu huo ni sababu mojawapo ya watu wengi kubaki na 1.2.

Kuna hasara nyingine ya 1.2 ambayo haisemwi sana, nayo yatuuma kuliko ile ya kwanza. Habari za majibu ya swali moja moja, yaani mwanafunzi alichagua nini katika swali la nne, toleo hilo liliziacha ziwe za hiari kwa mfumo. Mfumo waweza kuzipokea, waweza kuzitupa, na bado ukahesabika kuwa unafuata kiwango. Alama ya jumla, sita katika kumi, hufika. Kosa lenyewe huenda lisifike. Sasa sisi tuliofundishwa, na tunaowafundisha ninyi, kwamba kosa la mtoto ni dirisha la kuona anavyofikiri, twafanya nini na sita katika kumi? Mtoto anayeandika 32 − 17 = 25 hakukosa kwa bahati mbaya; ametoa ndogo katika kubwa kila safu bila kujali ipi iko juu. Jibu lake ladai somo fulani kesho. Sita katika kumi haidai kitu.

Kiwango kipya zaidi kinaitwa xAPI. Kilianza katika utafiti uliogharimiwa na mpango ule ule wa ADL, ukafanywa na kampuni iitwayo Rustici Software chini ya jina la Tin Can, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2013. Hiki hakina nafasi moja wala sita. Kila jambo linalotokea huandikwa kwa umbo la sentensi yenye mtendaji, kitendo na kitu: Asha alisoma hadithi, Asha alijibu swali la nne, Asha alimsaidia Juma. Sentensi hizo hutunzwa katika hifadhi maalumu ya kumbukumbu za ujifunzaji. Zaweza kutoka katika simu, katika kompyuta, au katika jambo lililofanyika mbali na mashine kisha likaingizwa na mwalimu. Na kilicho muhimu kwa habari yetu, chombo chaweza kuziweka kikiwa nje ya mtandao, kila moja na saa yake, kikazituma mtandao utakaporudi. Laiti somo letu lingeandikwa hivyo, bando lingeisha na haki ya mwanachuo isingepotea.

Kuna jambo dogo humo ambalo kwa mpenzi wa Kiswahili ni kubwa. Katika xAPI kila kitendo hutambuliwa kwa anwani isiyobadilika, ambayo mashine huitazama, na kando yake huwekwa maandishi ya kusomwa na binadamu kwa lugha yoyote, kila lugha kwa herufi zake za utambulisho. Kiswahili ni sw. Basi hakuna kinachozuia kumbukumbu za shule zetu kusomeka "alisoma," "alijibu," "alirudia." Tumeona mifumo kadhaa, na yote ilionyesha maneno ya Kiingereza, si kwa kukatazwa bali kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuyaandika ya kwetu. Kazi hiyo yahitaji mwalimu anayejua tofauti ya kurudia na kukariri.

Hata hivyo tusivutwe na upya. Kinachoandika kila kitu, huandika pia visivyopasa kuandikwa. Mtoto wa miaka minane akisita mbele ya swali, akarudi nyuma, akakosa mara tatu, akapata, yote hayo yatakaa katika hifadhi. Yatakaa miaka mingapi? Nani atayasoma? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na twaona ni wajibu wa kila mwalimu atakayewaandikisha watoto katika mfumo wowote kuuliza swali hilo kabla ya kugawa majina yao. Uhuru mkubwa wa xAPI ulileta pia vurugu yake, kwa kuwa kila mtengenezaji alijitungia vitendo vyake. Ndiyo maana mwaka 2016 kilitolewa cmi5, ambacho ni utaratibu wa kuitumia xAPI hasa pale somo linapofunguliwa kutoka katika mfumo. Mwaka 2023 xAPI ilithibitishwa kuwa kiwango rasmi cha wahandisi wa IEEE. Haya tunayataja kwa ajili ya wenye kupenda kujua zaidi, tuendelee.

Tumesikia wenzetu wakisema kwamba mambo haya ni ya mafundi wa kompyuta, na kwamba mwalimu ana shida zake za kutosha: darasa la watoto themanini, chaki, madawati. Twakubali shida hizo, tumezipitia. Lakini hoja yenyewe hatuikubali. Fundi hakuamua kwamba kufika ukurasa wa mwisho ni kukamilisha somo. Tuliamua sisi, kwa kuacha kitufe kilivyokuwa. Fundi angetuuliza tunataka nini, tungekosa la kumjibu, kwa sababu hatukujua kwamba kuna la kuchagua. Kanuni ya kukamilisha somo ni sehemu ya somo kama yalivyo malengo mahususi. Mwalimu asiyekubali mtu mwingine amwandikie malengo yake, kwa nini aache kitufe kimwandikie tathmini?

Hasara ya kutouliza twaijua kwa mfano mwingine. Taasisi moja tuliyopata kufanya nayo kazi ilinunua masomo ya mtandaoni pamoja na mfumo wake kutoka kwa muuzaji mmoja. Masomo yalikuwa mazuri, na mengi yalitungwa na walimu wa taasisi hiyo wenyewe kwa jasho lao. Mkataba ulipokwisha, mfumo ukafungwa. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba masomo hayo hayatoki humo kwa umbo lolote ambalo mfumo mwingine ungelipokea. Walimu walipewa siku chache za kuingia na kupiga picha za kurasa, na likizo nzima wakaketi wakinakili maneno yao wenyewe kutoka katika picha. Ilikuwa Kidatu nyingine, ila hapa hapakuwa hata na wapagazi.

Kwa hiyo mtakapoombwa maoni kuhusu mfumo wowote, hata kama mwaombwa kwa heshima tu, ulizeni mambo machache. Je, masomo yetu yatatoka humo kama kifurushi cha SCORM, au kwa ule utaratibu wa mwaka 2008 uitwao Common Cartridge? Maswali yetu je? Alama za wanafunzi je? Kisha msiridhike na neno ndiyo. Ombeni somo moja litolewe mbele yenu na kufunguliwa mahali pengine. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutoka kwa toleo la 1.0 mwaka 2002, hutolewa bure na yaweza kuwekwa katika kompyuta ya kawaida. Inatosha kwa jaribio hilo.

Katika maswali kuna njia nyepesi ambayo twawashauri muianze hata leo, kwa kuwa haihitaji ufundi. Moodle hupokea maswali yaliyoandikwa kwa maandishi matupu kwa umbo liitwalo Aiken. Swali hukaa katika mstari mmoja. Chini yake kila chaguo hukaa katika mstari wake, likitanguliwa na herufi kubwa na nukta. Mstari wa mwisho huwa na neno la Kiingereza ANSWER kwa herufi kubwa, nukta mbili, kisha herufi ya jibu. Ndiyo, neno hilo moja halikubali tafsiri, hata swali likiwa la ngeli za Kiswahili. Lakini faili la namna hiyo laweza kuandikwa kwa programu yoyote ya maandishi, likakaa katika simu au katika kijiti cha kuhifadhia, na litasomeka hata mfumo uliolipokea ukishakufa. Mwanachuo anayeandika maswali matano kila juma kwa namna hiyo ataondoka chuoni na benki ya maswali iliyo mali yake.

Mtauliza, haya yote yanahusu vipi shule isiyo na mtandao? Yanahusu sana. Kuna programu kama Kolibri, ya shirika la Learning Equality, iliyoundwa mahsusi kwa shule za namna hiyo: masomo hukaa katika kompyuta moja shuleni, na vyombo vingine huyafuata humo bila intaneti. Na hata shule ikiwa haina kompyuta, mwalimu mwenyewe ana simu. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yana sehemu yake mtandaoni kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu aliye kijijini mwenye bando la kubahatisha yuko katika hali ile ile ya mwanachuo wetu bwenini, naye afaa ajue kwamba kusoma na kuhifadhi si kitu kimoja: angoje mtandao, aone alama imeandikwa, ndipo afunge.

Wapo watakaosema kwamba basi viwango vyenyewe ndivyo vibaya, tuviache. Hapana. Lugha hii tunayoandikia ni matunda ya kiwango. Mwaka 1928 huko Mombasa iliamuliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kwa sababu hiyo kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja kiliweza kusomwa katika nchi zote nne, nasi tulifundishwa kusoma kwa vitabu vya namna hiyo. Lakini uamuzi ule ulikiacha nje Kimvita, lahaja yenye hazina ya mashairi ya karne nyingi, na mtoto wa Mvita akajikuta akisahihishwa kwa wino mwekundu kwa kuandika alivyofunzwa na mama yake. Kiwango kilifaa, na kilimwacha mtu. Yote mawili ni kweli. Mwalimu mwema wa Mombasa wa siku zile, twadhani, alikuwa yule aliyefundisha tahajia sanifu na bado akajua kwamba mtoto aliyeandika kwa lahaja yake hakuwa mjinga.

Turudi kwa mwanachuo wetu. Tulimwita, tukamwomba radhi, tukalisoma daftari lake lote, tukamwuliza maswali sita kwa mdomo. Alama yake tuliirekebisha kwa mkono, jambo ambalo mfumo unaruhusu. Yule wa dakika nane naye tulimwita tukamwuliza maswali yale yale. Alijibu mawili, akalirudia somo kwa hiari yake. Somo lenyewe tumelikata vipande vinne, kila kipande kinahifadhi habari zake katika kila ukurasa, na kukamilisha sasa kwahesabiwa kwa maswali yaliyojibiwa. Katika orodha ya zamani ya somo lile, mbele ya jina la yule binti, bado pameandikwa kwamba hajakamilisha. Tumetafuta namna ya kulibadilisha neno hilo bila kuifuta kumbukumbu yote, na hatujaipata.